Kitambaa cha Kukagulia Kamba

Tarehe 9 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mmoja wetu ambaye wewe umeamua ni mgonjwa wa kutangazwa kwenye simu.

Leo asubuhi msimamizi ameniita ofisini akafunga mlango. Mlango ule haufungwi hata mtu akifukuzwa kazi. Akasema, "Fundi, shangazi yako amenipigia. Mbona hukutuambia unaumwa?" Nilidhani ananitania. Kisha akanyoosha mkono nimkabidhi ufunguo wa chumba cha mashine na mkanda wangu wa usalama, na huku ananyoosha anatazama ukutani.

Nimepanda na kushuka mashimo ya lifti tangu Baba akiwa hai, yeye juu na mimi chini, ananifokea mpaka kuta zinanifokea mara ya pili. Sasa nimewekwa kwenye meza ya simu karibu na birika la chai. Watu waliokwama katikati ya ghorofa wananipigia wakilia, nami nawaambia watulie, fundi anakuja. Fundi ni mimi.

Nilikuletea majibu ya hospitali unieleze, si uyapeleke kazini kwangu. Na siku ile ulifurahi, Shangazi, usikatae. Ulivaa miwani, ukaishika picha ya kichwa changu ukiielekeza dirishani, ukaanza kuchora nyuma ya bahasha kama mtu aliyeletewa zawadi. Ukachora waya na plastiki yake. Ukasema kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa, inabandua ala ya neva, ndiyo maana jicho liliingiwa na ukungu. Ukasema ala huota tena. Nikaondoka na hilo neno.

Basi imeota. Jicho limefunguka, nasoma mpaka yale maandishi ya sisimizi kwenye pakiti za dawa. Ile dripu waliyotaka kunianzishia nimewaambia hapana, asante. Mtu aliyepona hatibiwi.

Ulichonifanyia sijui kinaitwaje kwenye vitabu vyako. Huku tunakiita usaliti.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajambo, yanalalamika nikipanda na kununa nikishuka. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Nashukuru umeniamkia, ingawa nilisikia meno yakisagana.

Ndiyo, nilipiga simu. Sijutii, na sitaandika kwamba najuta ili tu tuelewane. Siku uliyokuja hapa uliikosa ngazi ya mlangoni ukajishika kwenye fremu, ukadhani sijaona. Ulimwaga chai ukasema kikombe changu kina kasoro. Kikombe changu hakina kasoro. Nilikuuliza kama kazini wanajua, ukanijibu, "Watajua nikianguka." Ukacheka. Mwanangu, ndani ya lile sanduku mnalolining'iniza wanapanda watu wenye watoto wao, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kushiriki kwenye utani huo. Wewe ulikuwa umeshakataa kusema. Nikasema mimi.

Sasa kaa usikilize sehemu iliyobaki, maana siku ile niliishia katikati. Ulianza kulia, nami nikaikunja bahasha. Nilipaswa kuendelea kueleza huku unalia.

Neva ni nyuzi nyembamba sana na ndefu sana, nyingine zinaanzia kichwani zinateremka uti wa mgongo hadi kiunoni. Juu ya kila uzi kuna ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe. Ugonjwa wako huanza kwa kuivua ala hiyo. Kwa muda mrefu sote tuliamini kwamba kilema chote kinatoka hapo: ala ikivuliwa, ujumbe unapotea njiani, mguu unalegea, basi. Ni maelezo mepesi, mtoto anayaelewa, ndiyo maana tulikaa nayo muda mrefu kuliko yalivyostahili.

Maabara yetu ilikuwa na panya. Cheka kwanza, nakusubiri.

Tuliwaambukiza kirusi kinachosababisha ala za neva zao zivuliwe, na baada ya muda walikuwa wakiburuta miguu ya nyuma. Kisha tukapata panya wa uzao mwingine, waliozaliwa wakikosa molekuli moja tu. Miongoni mwa askari wa kinga kuna seli ambazo kazi yao ni kuua. Hubeba protini ya kutobolea. Zikimfikia yule zinayemdhania adui, zinautoboa ukuta wake, na kupitia tundu lile zinamwingizia sumu. Panya hawa walikuwa na askari wote, ila askari hawakuwa na cha kutobolea. Tukawaambukiza kama wenzao. Ala zao zikavuliwa kama za wenzao. Nilizitazama mwenyewe kwenye hadubini, nyuzi ziko uchi, mabaka huku na huku. Nikaenda chumba cha vizimba nikijua nitakachokuta.

Walikuwa wanatembea.

Nilimwita mwenzangu, tukasimama pale tukitazamana kama watu wawili walioingia nyumba isiyo yao. Uti wa mgongo umevuliwa, na mnyama anakwenda kunywa maji yake.

Maana yake ni hii. Ala kuvuliwa si mwisho wa habari. Uzi ulio uchi bado unaweza kupeleka ujumbe, kwa shida, na ala inaweza kuota tena juu yake. Lakini seli za kutoboa zikiukuta uchi zikaukata, ala itaota juu ya nini? Uzi uliokatika ndani ya ubongo hauungiki. Nikwambie ukweli wote: panya si watu, na ndani ya mtu kuna molekuli nyingi zinazoshiriki katika uharibifu huu, nyingine hatujazielewa mpaka leo. Siwezi kukuapia ni ipi inayokuumiza wewe. Ninachojua ni kwamba hata kwa watu nyuzi hukatika, na hukatika mapema, wakati mgonjwa anajitangaza amepona. Ubongo una nyuzi za akiba. Moja ikikatika unapitisha kazi kwenye nyingine na haukuambii. Utaambiwa akiba ikiisha.

Dripu unayoikataa kazi yake ni ndogo na ya maana. Seli zile zina molekuli nyingine nje ya ngozi yao, tuseme kulabu, inayozisaidia kujishika kwenye ukuta wa mshipa wa damu na kupenya kuingia kwenye ubongo. Dawa inaifunika kulabu. Seli zinakokotwa na damu zikienda zake. Ina hatari zake, na ndiyo maana kwanza watakupima damu. Muulize daktari, si mimi. Haitakurudishia kilichokatika. Italinda kilichobaki.

Nenda kaianze. Ukishaianza utakuwa na nafasi ya kutosha ya kunichukia.

Shangazi yako


Tarehe 6 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini panya hawajambo.

Baba alikuwa anasema ukitaka kumuuliza dada yake kama mvua itanyesha, funga duka kwanza. Nilikuwa nacheka bila kuelewa. Sasa nimeelewa. Kurasa nne! Nilitafuta mahali ulipoandika "nisamehe", nikakuta mnyama anakwenda kunywa maji yake.

Umekaa na panya mpaka unatuona sisi wote tuna mikia. Mimi si uzi, si ala, si uzao wa aina nyingine. Huu mwili ninaishi humu mwenyewe. Jicho linaona. Mguu unapanda. Mkono unashika spana. Ukitaka kipimo kingine nenda kakipime kwenye kizimba.

Na nikupe habari njema, uandike kwenye jarida lenu la wataalamu: meza ya simu nimeiacha. Nimepata kampuni nyingine, ndogo, haina maswali. Jina lake silitaji maana vidole vyako ni vyepesi kwenye simu. Jumatatu nilikuwa juu ya paa la lifti, gizani, grisi mpaka kwenye viwiko, na nilifurahi nikaimba. Mwenzangu aliye kwenye chumba cha mashine akapiga kelele, "Huyo nani anachinjwa huko chini?" Watu wanaoniona mzima ndio hao.

Usiniandikie tena mambo ya molekuli.

Mtoto wa kaka yako, mzima


Tarehe 15 Machi

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Magoti safari hii umesahau kuyauliza, kwa hiyo siyasemi.

Kampuni isiyo na maswali. Hongera. Ungependa mama yako apande lifti inayotunzwa na kampuni isiyo na maswali? Usinijibu, jijibu mwenyewe ukiwa unaimba.

Molekuli nimeacha, kama ulivyoamuru. Nizungumzie kazi yako badala yake, ingawa siijui. Nadhani mnakagua kamba hivi: mnajaza watu kwenye lifti, mnabonyeza, inapanda. Ikifika juu bila kelele mnaandika kwamba kamba ni nzima, mnatia sahihi, mnakwenda kula. Sivyo? Lazima iwe hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoukagua mwili wako. Jicho linaona, mguu unapanda, mkono unashika spana, sahihi.

Ninachoshangaa ni kwa nini kaka yangu alipoteza miaka yote ile kukufundisha kazi nyepesi namna hiyo. Ningekufundisha mimi mchana mmoja.

Dada wa baba yako


Tarehe 2 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sikutaka kuandika. Barua yako iko chini ya redio tangu Machi, na kila nikiiona ncha yake nachemka. Nitukane mimi. Kazi ya Baba, hapana.

Sikiliza, kwa kuwa wewe hupenda kueleza na leo ni zamu yako kuelezwa.

Lifti kupanda si kipimo cha kitu chochote. Lifti itapanda vizuri, kimya, watu wanajitazama kwenye kioo wakichana nywele, na huku nyaya zimekatika ndani ya kamba. Itapanda kwa sababu zilizobaki zinabeba. Kamba ya chuma imesukwa kwa nyaya nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Ukisubiri abiria wasikie kitu, umeshachelewa.

Kukagua ni hivi. Unaiondoa kwenye huduma. Unasimama juu ya paa lake. Unachukua kitambaa cha pamba kikuukuu, maana kipya kinateleza. Baba alikuwa anakata mashati yake, Mama akigomba. Unaizungusha kamba na kitambaa bila kukibana, unaagiza lifti iende polepole kabisa, na kamba inapita ndani ya kiganja chako. Waya uliokatika husimama kama mwiba. Kwa macho huuoni, grisi imeuficha. Kitambaa kinaunasa. Unausikia mkononi, trrr, kama paka anayekuparura akiwa ndani ya mfuko. Unasimamisha, unapaka chaki, unahesabu mikatiko ya eneo hilo. Ikizidi kiwango unaifunga lifti saa hiyo hiyo, hata mwenye jengo agaegae chini.

Kamba huiulizi inajisikiaje. Unapitisha kitambaa. Baba alinipiga kofi la kisogo siku niliyoandika "nzima" kwa kuiangalia tu.

Kwa hiyo usiandike usichokijua.

Na usijidanganye kwamba nimeandika kwa sababu naumwa. Siumwi. Chumba cha mashine cha jengo tunalofanyia kazi sasa kiko chini ya bati na joto lake halifai hata kwa mkaa. Nikikaa mle jicho linafifia kidogo, nikitoka nikapigwa na upepo linarudi. Hata wewe ungefifia.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakurudishia ukurasa wa pili wa barua yako. Nimepiga mstari mahali pawili kwa penseli, ukitaka futa. Pa kwanza ni pale unaposema lifti itapanda vizuri huku nyaya zimekatika. Pa pili ni pale unaposema kamba huiulizi inajisikiaje.

Picha ya kichwa ndiyo kitambaa chako. Sina jingine la kueleza.

Shangazi yako

Nyongeza. Uzi usio na ala hushindwa kazi ukipata joto, ndiyo maana jicho linafifia mle ndani. Waambie hospitalini. Nilisema sielezi, nimeshindwa.


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Nimeanza mimi kusalimu, uone tulipofika.

Hujajibu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Nilimpigia msimamizi wako wa zamani, akaniambia kwa adabu kubwa kwamba hajui ulipo, na kwamba mafundi pale ofisini wakisikia jina langu wanatema mate. Nikamwambia wateme nje, ni afya zaidi.

Wiki iliyopita nilikwenda kung'olewa jino. Daktari wa meno yuko ghorofa ya nne. Nilibonyeza kitufe, mlango ukafunguka, mwanamke mmoja mwenye mtoto akaingia akanishikilia mlango. "Mama, unapanda?" Nilitazama juu, pale ambapo kamba zipo na hazionekani, nikajiuliza ni nani aliyezikagua. Nikamwambia napenda ngazi. Nilipofika nilikuwa sina hata pumzi ya kufungulia mdomo, na daktari akadhani naogopa sindano. Kila jengo sasa ni hivyo. Usidhani ni mapenzi. Nina hasira na wewe inayonipandisha ghorofa.

Kumfokea mtu asiyejibu ni kazi ya kuchosha. Niandikie hata tusi.

Shangazi yako


Tarehe 19 Oktoba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Safari hii nauliza kweli, ghorofa ya nne ni mbali.

Barua zako zote zilinifika. Sikujibu kwa sababu hukuwa na haki ya kujibiwa, na ule ukurasa wenye mistari yako nilitaka kuuchana, nikashindwa, kwa kuwa ni mwandiko wangu mwenyewe.

Nitakueleza lililotokea. Nitaeleza mara moja, usiniulize maswali.

Ilikuwa jengo la ofisi, mchana, ukaguzi wa kawaida. Nilikuwa juu ya paa la lifti, mwenzangu kwenye chumba cha mashine. Nikapitisha kitambaa kwenye kamba ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Nakagulia mkono wa kulia, kama Baba. Sikusikia kitu. Nikapaza sauti, "Safi, andika!" Akajibu, "Safi, naandika!" Nikafungua kiganja nijifute grisi.

Kitambaa kilikuwa kimechanika. Nyuzi zinaning'inia kama mkia wa kitu kilichokanyagwa. Kidole changu cha kati kilikuwa kinatoka damu, damu nyingi, imeshaingia mpaka kwenye mkono wa shati. Waya ulipita kwenye kitambaa ukapita kwenye mimi, na mkono wangu haukuniambia.

Nilisimama pale nikaiangalia ile damu kama ya mtu mwingine. Nikahamishia kitambaa kushoto, nikamwambia mwenzangu arudishe lifti polepole. Trrr. Hatujasogea mbali, trrr. Mkono wa kushoto ukawa unapiga kelele kwa kitu ambacho wa kulia ulikuwa umekipitisha.

"Vipi?" akauliza kutoka juu. "Nimeandika safi."

"Futa."

"Mwenye jengo atatuchinja. Wana mkutano."

"Atuchinje. Funga lifti."

Tulipaka chaki, tukahesabu, tukafunga. Watu wenye suti walishuka ngazi wakitutukana, mmoja akaniuliza kama mimi ni fundi au ni mtu wa kupaka rangi. Nilikuwa namfikiria yeye na wenzake wote waliotaka kupanda mle, kwa neno langu la "safi".

Kisha nikavua mkanda nikampa mwenzangu. Akasema, "Na huu wa nini?" Nikamwambia mkono wangu haufai kukagua, asiniruhusu kupanda hata nikimbembeleza, awaambie na wengine. Alitazama kidole, akatazama uso wangu, na yule mtu anayetania kila kitu hakutania. Nilisema mwenyewe, Shangazi. Kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenipigia simu. Ningeweza kusema mwenyewe tangu mwanzo kama ungenipa nafasi.

Najua utakachojibu. Kwamba ningesema baada ya nani kuanguka. Nimeshajijibu hilo, kila siku najijibu, kwa hiyo usiliandike.

Hospitali wamepitisha kitambaa chao. Picha mpya ina madoa ambayo haikuwa nayo. Daktari aliyaonyesha kwa kalamu, akauliza, "Hili lilikusumbua lini? Na hili?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa napanda na kushuka, nilikuwa naimba. Akasema madoa mengine huja hivyo, kimya. Jicho ni zima. Vidole viwili vya mkono wa kulia havijarudi, na nilipomuuliza kama vitarudi hakuniambia ndiyo. Nilimpenda kwa hilo. Wewe ungechora.

Damu wamepima, hatari wamezieleza, nimetia sahihi kwa kushoto. Dripu nimeshaianza. Kulabu zimefunikwa, kama maelezo yako ni ya kweli. Kampuni ya zamani imenipokea. Nafundisha vijana wapya kukagua, wao wanashika kitambaa, mimi nasimama nyuma yao nawauliza wanasikia nini. Msimamizi anasema nafoka kama Baba. Shimoni siingii.

Sijakusamehe. Ulikuwa sahihi, na ulinisaliti. Yote mawili ni yako, na sitaki uchague moja ukalale nalo. Ungeniambia uso kwa uso, "Nitapiga simu," tungegombana palepale mezani kwako, ningekuvunjia hicho kikombe kisicho na kasoro, na bado ungepiga. Hilo ningelibeba. Uliningoja niondoke.

Dripu yangu ni kila baada ya wiki nne, asubuhi, wodi ya mwisho, ghorofa ya pili. Inayofuata ni tarehe 5. Inachukua muda na hakuna cha kutazama isipokuwa matone. Lifti yao imetulia, ila kamba sijaziona, kwa hiyo panda ngazi, ushikilie upande wa ukutani.

Kuna kiti. Usilete matunda, usiniambie pole, na usiwaambie manesi wewe ni nani. Lete bahasha na penseli. Anza pale ulipoingia chumba cha vizimba ukakuta wanatembea, na safari hii nataka yote, hata yale ambayo hamjayaelewa.

Nikianza kulia, endelea kueleza.

Mwanao